Kilichobaki Nje ya Fremu

Dunia inaijua Eldoret kwa picha mbili. Ya kwanza ni ya wakimbiaji alfajiri, pumzi zinafuka kwa baridi ya nyanda za juu na vumbi linainuka nyuma ya visigino. Ya pili ni ya moshi wa vurugu za baada ya uchaguzi, Januari 2008: matairi yanawaka barabarani, na kanisa la Kiambaa, kando ya mji, linateketea siku ya Mwaka Mpya likiwa na watu waliokimbilia humo kujiokoa. Picha zote mbili ni za kweli. Ila sisi wa mtaa wa Huruma tunajua kuwa kati ya mbio na moshi kuna mambo mengi ambayo kamera haikuwahi kuyabishia hodi: mama anayesukuma chapati kabla hakujapambazuka, vijana wa boda boda wakibishania matokeo ya mpira, mtoto aliyetumwa unga akirudi huku anaihesabu chenji upya.

Ninasomea utengenezaji wa filamu. Nyumbani huniuliza ni masomo gani hayo, na jibu langu hubadilika kila muhula. Siku hizi nasema nasomea kuacha vitu nje. Mama hucheka: "Karo yote hiyo, unafundishwa kuacha?" Huwa simpingi, maana ndivyo ilivyo. Fremu huiacha nje karibu dunia nzima na kubakiza kipande. Mhariri hukipunguza kipande hicho tena, saa nyingi za picha zikawa dakika chache. Mtazamaji huona kilichobaki tu. Aliyeacha ndiye anayejua alichokiacha, na mara nyingi ni yeye peke yake. Hapo ndipo kazi hii inapogusana na tabia ya mtu, na ndipo nilipopata mafunzo ambayo naamini yanamfaa hata asiyewahi kushika kamera.

Zoezi moja la wanaoanza lina asili ya zamani sana. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu wa Paris filamu zao tarehe 28 Desemba 1895, kila filamu ilikuwa haifiki dakika moja, na kamera ilisimama palepale. Wafanyakazi wanatoka kiwandani, basi, filamu imekwisha. Walimu bado wanalitumia wazo hilo: chagua mahali, isimamishe kamera, usiisogeze, usiikate, rekodi dakika moja. Linaonekana zoezi la mtoto hadi ulifanye. Ukikatazwa kusogea unagundua kwamba uamuzi wote uko kwenye miguu yako. Umesimama wapi?

Mimi nilikwenda stejini. Kutoka ng'ambo ya barabara nilipata matatu, matope, pikipiki zinazokatizana na watu wadogo wasio na sura. Kisha nikavuka, nikamwomba mama anayechoma mahindi anipishe kwenye kibao chake. "Keti basi, kijana, lakini usinizibie wateja," akasema. Simu ikiwa usawa wa macho yake, barabara ileile ilikuwa nyingine kabisa. Mikono ilikuwa inageuza mahindi na kupokea sarafu, kondakta alikuwa anamshika mzee mkono ili apande, na kijana mmoja alikuwa anaandikiwa deni kwenye kijitabu. Kutoka mbali steji ilikuwa msongamano. Kutoka kwenye kibao ilikuwa kazi.

Baadaye nilisoma kwamba Yasujirō Ozu, mwongozaji wa Japani, alizoea kuiweka kamera chini sana, karibu na usawa wa mtu aliyeketi sakafuni, kwa sababu ndivyo watu wa hadithi zake walivyoishi majumbani mwao. Nilielewa mara moja. Ukimpiga picha mtoto kutoka kimo cha mtu mzima unapata utosi, na mtoto anaonekana kitu cha kuhurumiwa. Ukichuchumaa unampata mtu mwenye shughuli zake. Tangu hapo, nikimsikia mtu akilalamika kwamba watu wa mahali fulani wana fujo au hawana shukrani, kwanza najiuliza aliwatazama akiwa amesimama wapi, na kama aliwahi kuomba kibao akaketi.

Si kwamba kuomba kibao ni rahisi. Ukitoa kamera Huruma, hata kama ni simu kwenye kijiti, utaulizwa: "Hii ni ya NGO gani?" Mwingine atauliza atalipwa ngapi, na mwingine atageuza uso na kuondoka. Wageni hudhani huo ni ukorofi. Mimi naona ni kumbukumbu. Wengi katika mitaa kama yetu wamewahi kurekodiwa, na wachache sana wamewahi kuona kilichotokana na kurekodiwa huko. Picha huondoka na gari, na mwenye sura habaki hata na nakala. Ndiyo maana nimejizoeza kujibu swali lililo nyuma ya hayo yote kabla halijaulizwa: picha hii inakwenda wapi, nani ataiona, na wewe utaiona lini.

Anayeingia kazi hii akitokea Kenya hawezi kuikwepa hadithi ya Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Tanganyika, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk, akarekodi uwanja uliojaa watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha zile zilizunguka dunia, na kutokana nazo zikaja nyimbo za hisani na matamasha ya Live Aid ya Julai 1985. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akavaa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyokuwa amepanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Nimeitazama kazi ya Korem nikiwa mwanafunzi anayetafuta ufundi, na ufundi umo: hakimbii, hapambi, anakaribia na kutulia. Picha hizo ziliokoa watu. Papo hapo, fremu ile haikuwa na nafasi ya vita na siasa za serikali ya wakati huo, ambazo ziliifanya njaa kuwa kali zaidi, wala haikuwa na nafasi ya majina ya wengi waliolala pale. Kwa miaka mingi iliyofuata, wengi wa mbali walipofikiria Afrika walimwona mtoto mwenye njaa. Simlaumu Amin; alikuwepo mahali ambapo wengine hawakuwepo. Ninachojifunza ni kwamba picha yenye nguvu ikisafiri peke yake, bila picha nyingine za kuisindikiza, hugeuka hukumu. Dawa yake ni kuiongezea wenzake, na wenzake hao lazima mtu awapige siku ambazo hakuna mwandishi wa habari aliyekuja.

Mwanga ulinifundisha jambo jingine. Eldoret iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya watu huzama ndani ya vivuli. Ndani ya nyumba ya mabati kuna giza, na mlango ulio wazi unawaka. Mwekee mtu kiti karibu na mlango huo, washa kamera ya simu bila kuigusa: kamera itaupima mlango, itaona mwanga ni mwingi, itaupunguza, na uso wa mwenyeji wako utageuka mkaa. Namna ya kuponya ni kugusa uso wake kwenye skrini, kukifunga kipimo pale, na kuuacha mlango uungue ukitaka kuungua. Uso ndio uliokuja kuupiga.

Usiku, taa za mrija huleta mushkili wa aina hiyohiyo. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, desturi inayotokana na nchi kama Marekani ambako stima ina mizunguko 60 kwa sekunde. Stima yetu ina 50. Matokeo yake ni mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, na mwanafunzi anadhani simu yake imeharibika. Ukibadilisha iwe fremu 25, na muda wa kufungua lenzi uwe sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari inatoweka. Hata filamu za rangi za zamani zilikuwa na mkasa huo wa kipimo cha wengine: kwa miongo mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikatoka vyovyote itakavyotoka.

Nimekaa sana na jambo hili, kwa sababu naona linavuka mipaka ya kamera. Mtoto wa mtaani hupimwa kwa vipimo vilivyowekwa kwingine: namna anavyozungumza Kiingereza, anwani anayoandika kwenye barua ya kuomba kazi, viatu anavyovaa kwenye mahojiano. Akionekana hafifu, mwenyewe huanza kuamini kuwa yeye ndiye hafifu. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, inafaa kuuliza kipimo kimewekwa juu ya nini. Huenda kinaupima mlango.

Upande wa sauti, Huruma ni chuo kamili. Mvua ya alasiri ikigonga mabati, hakuna maiki itakayokuokoa. Unafunga kazi, unakunywa chai, unangoja. Kukiwa kukavu kuna kinu cha kusaga mahindi, spika za kanisa, malori ya njia ya Malaba, na redio za vyumba vitatu vikisikiliza stesheni tatu. Darasani hutufundisha kurekodi sauti ya mahali peke yake, bila mtu kuzungumza, ili mhariri aitandaze chini ya maneno na mikato isisikike. Sisi watoto wa ploti, hilo tunalijua bila kufundishwa. Tumekua tukitenganishwa na jirani kwa ukuta usiozuia kitu. Jirani alikuwa sauti kabla ya kuwa sura: kikohozi chake, sufuria yake, namna anavyoburuta kandambili akirudi usiku. Ndiyo maana nilipoonyeshwa mbinu ya kuitanguliza sauti, mtazamaji akasikia tukio la mbele huku bado anaona la nyuma, nilihisi ni jambo la nyumbani. Hivyo ndivyo habari zinavyotufikia kwenye ploti. Unasikia kilio, kisha unafungua mlango.

Sauti pia inaweza kuitawala picha. Filamu zangu za kwanza nilizitazama kwenye chumba cha video, zikiwa zimesimuliwa upya na DJ Afro. Filamu ilikuwa ya ng'ambo, lakini juu yake kulikuwa na sauti ya Mkenya aliyewapa wahusika tabia tunazozijua, akaongeza mizaha na maelezo ambayo mwongozaji hakuyaota. Mwuaji wa kutisha aligeuka kichekesho. Picha haikubadilika hata kidogo. Sisi ndio tulioiona nyingine.

Warusi walilifanyia jambo hilo jaribio miaka karibu 100 iliyopita. Lev Kuleshov aliuchukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha hisia yoyote ya pekee, akauunganisha kwa zamu na bakuli la supu, na maiti, na mwanamke. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliusifu uigizaji wake: tazama njaa ile, tazama huzuni ile, tazama mapenzi yale. Uso ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni jirani aliyewekewa.

Nilipojaribu mbinu hiyo kwenye kompyuta nilifurahi kwanza, kisha nikaingiwa na hofu. Nilikuwa na uso wa jirani yangu akitazama barabara. Nikiufuatisha na kikapu cha nyanya, alikuwa mchuuzi anayengoja wateja. Nikiufuatisha na kundi la vijana wanaokimbia, alikuwa mtu anayetazama fujo na labda kuifurahia. Hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa akitazama kama mvua inakuja. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kufanya hivi leo kwa programu ya bure. Kila msimu wa siasa, makundi yetu ya WhatsApp hupokea klipu za namna hiyo: sura ya hapa, tukio la kwingine, maandishi makali juu yake. Tangu nijifunze kuunganisha, sisambazi klipu kabla ya kutafuta mshono. Nauliza picha hizi mbili zilikutana wapi, na nani aliyezioza. Na masengenyo ya mlangoni nayo hujengwa vilevile: fulani alionekana akitoka pale, kisha kitu fulani kikapotea. Vipande viwili vya kweli vinaweza kuzaa uongo mzima.

Basi mkato ufanywe kwa kigezo gani? Walter Murch, mhariri Mmarekani aliyefanya kazi kwenye Apocalypse Now, aliandika vigezo 6 na akavipa uzito. Hisia ina asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na vilivyobaki, vinavyohusu mahali jicho lilipo na mpangilio wa nafasi, vinagawana 16. Nilipoona hesabu hiyo nilipumua, kwa sababu wanafunzi huhangaika mno na vile vidogo: mkono ulikuwa kushoto, sasa uko kulia, kikombe kimejaa tena. Murch anasema ukilazimika kutoa kitu sadaka, usianze na hisia. Watu wa Eldoret walilijua hilo bila kitabu tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Umati ulikusanyika mjini mbele ya skrini kubwa kutazama mtu mmoja akikimbia kwa karibu saa mbili. Kwa kanuni za video fupi za leo, hiyo ni klipu ndefu isiyo na kitu. Hakuna aliyeomba ifupishwe, maana muda ndio uliokuwa habari yenyewe. Kutokata nako ni uamuzi wa mhariri, na mara nyingine ndio mgumu kuliko yote.

Nililihitaji funzo hilo nilipomrekodi mzee mmoja, fundi wa cherehani mtaani. Aliwahi kufanya kazi Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoajiri watu wengi wa mji huu kabla ya kuanguka, kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Kuhusu pamba na zamu za usiku alizungumza kwa raha, akinieleza kila mashine. Nikamuuliza, "Mzee, na ile 2008?" Akanyamaza. Mkono ukaendelea kuzungusha gurudumu la cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Mwishowe akasema, "Tulirudi." Halafu, kama aliyefunguliwa, akamtaja jirani aliyemhifadhia cherehani hii, na akamtaja jirani mwingine aliyebeba vitu vyake vingine.

Mezani kwa uhariri, mwenzangu mmoja alitaka kile kimya kipunguzwe: mtazamaji atachoka. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: ukikikata, nini kinapotea? Nikakiacha chote, na gurudumu lake. Kisha nikaitoa sehemu ya jina la yule aliyebeba vitu. Ana watoto Huruma hadi leo, na hawakubeba kitu. Jina la aliyehifadhi cherehani nililiacha baada ya kwenda kumwona mwenyewe na kumuuliza kama anataka lisikike.

Pale ndipo nilipoona kwamba kuacha nje kuna aina mbili. Kuna kuacha kunakomlinda mtu asiyekuwepo kujitetea, na kuna kuacha kunakomlinda mhariri asipate taabu: kuondoa sentensi inayovuruga hoja yake, kumfanya mtu mwema awe mwema mtupu, kuficha kuwa waathirika nao waligombana wao kwa wao. Kwenye kompyuta aina hizo mbili hufanywa kwa kitufe kimoja. Tofauti iko kwa aliyebonyeza, na jaribio ninalotumia ni hili: je, ninaweza kuketi na huyo niliyemwacha nje, au niliyemfupisha, nikamweleza sababu bila kutazama chini? Mgeni anayerudi Nairobi jioni halazimiki kujaribiwa hivyo. Mimi nalazimika, maana kesho nitakutana naye kwenye foleni ya maji.

Wapo waliotangulia kufaulu jaribio hilo kwa kazi kubwa. Judy Kibinge, katika filamu yake Something Necessary ya mwaka 2013, alisimulia miezi iliyofuata vurugu kwa kupishanisha maisha ya mama aliyevamiwa na maisha ya kijana mmoja wa kundi lililomvamia. Ilikuwa rahisi kumwacha kijana nje, au kumbakiza kama kivuli chenye panga. Kupishanisha kulimlazimisha mtazamaji awabebe wote wawili, hata kama hakutaka. Sam Soko alimfuata kwa miaka kadhaa Boniface Mwangi, mwanaharakati ambaye zamani alijulikana kwa picha za habari za vurugu zilezile. Filamu hiyo, Softie, ilipata mwaka 2020 tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri katika tamasha la Sundance. Ungetarajia maandamano na kampeni, na yamo. Ila wahariri wameibakiza na sebule: mke wake Njeri, watoto, vitisho vilivyoifikia familia, na swali la nani hutangulia kati ya nchi na nyumba. Shujaa asiyeonekana nyumbani kwake ni nusu ya habari.

Mahali pa kumalizia nako ni kuacha nje. Kimani Maruge alianza darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule ya msingi hapa Eldoret akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure. The First Grader, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick mwaka 2010, Oliver Litondo akiigiza Maruge, iliichagua hadithi ya darasa na kumbukumbu za mateso ya enzi za Mau Mau. Maisha ya Maruge yaliendelea hadi vurugu za 2008 zilipomfikisha kwenye kambi ya waliofurushwa, kisha Nairobi, alikofariki Agosti 2009, kabla filamu haijatoka. Filamu haina kosa kwa kumalizia ilipomalizia. Kila filamu lazima iishe. Sisi watazamaji ndio tunaokosea tukidhani mtu aliisha pale maandishi yalipoanza kupanda. Nimejizoeza kuuliza kuhusu watu niliowaona wakishinda mara moja: yule aliyefaulu mtihani akapigwa picha gazetini, yule mkimbiaji wa medali moja. Baada ya mkato, ilikuwaje?

Lipo funzo la mwisho ambalo wanafunzi hulichukia kwa sababu halina sifa: kuhifadhi. Jijini Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno na kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na filamu hiyo ya 2010 ikapendwa na watu wa mabara ya mbali. Lakini alipohitaji nafasi ya filamu nyingine aliyafuta mafaili ya ile ya kwanza kwenye kompyuta, kwa hiyo toleo la asili halipo tena. Namwelewa kabisa. Diski ni ghali na simu hujaa. Hata hivyo, kile tunachofuta ili kupata nafasi hakirudi, na mara nyingi tunafuta siku za kawaida, kwa kuwa zinaonekana hazina habari. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alikabidhiwa kamera na Julia Dahr wa Norway, akairekodi familia yake na shamba lake miaka nenda miaka rudi: ukame, mafuriko, ugomvi mdogo wa nyumbani. Thank You for the Rain, iliyotoka 2017, isingewezekana kama angerekodi tu siku za msiba. Dhoruba ilipoiharibu nyumba yake tulijua ni nyumba ya nani.

Kwa hiyo nimejipangia kazi isiyo na mvuto. Narekodi mtaa siku ambazo hakuna kitu, naandika tarehe na mahali kwenye kila faili, naweka nakala mbili mahali pawili tofauti. Filamu ikikamilika, wa kwanza kuiona ni waliomo, kwa shuka ukutani na spika ya kuazima, na wana haki ya kuniambia nani hayumo. Yule fundi alipoiona yake aliomba kitu kimoja tu, niongeze mikono ya mwanagenzi wake anayejifunza kupinda. Nikaongeza.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kamera zitakuja Eldoret, kama zinavyokuja kila mara, na simu zetu zitajaa klipu zilizoshonwa kwa haraka zikituambia jirani zetu ni watu gani. Siwezi kuzizuia. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, Huruma ina picha zake zenyewe za kulinganishia: miaka ya siku za kawaida, zenye tarehe, zilizopigwa kutoka kwenye kibao, za watu wanaojulikana kwa majina. Anayetaka kutuambia kwamba jirani ni adui atalazimika kubishana nazo.